Tutakusika kwa Mikono Miwili

Nyumbani kwetu, kijijini Aroi, hapakuwa na sufuria isiyo na kiraka. Ya mboga ilikuwa na viraka vitatu, ya maji ya kuoga kimoja kikubwa, na ile ya ugali, ambayo baba aliithamini kuliko redio yake, ilikuwa na viraka vilivyopandana hadi ukashindwa kujua chuma cha kwanza ni kipi. Wageni walidhani sisi ni maskini wa kutupwa. Hatukuwa. Baba alikuwa na pensheni yake ya upolisi na tulikuwa na shamba. Ni mama tu aliyekuwa na jambo lake na fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee kutoka Kongo. Alikaa mwisho wa soko la Arua, mji wetu wa karibu, juu ya gunia, akiwa na nyundo, mkasi wa bati na rundo la vipande vya alumini. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Maduka ya Wahindi yalikuwa yamefungwa baada ya wenyewe kufukuzwa nchini, sufuria mpya ilikuwa kitu cha kusimuliwa, na mtu aliyejua kuziba tundu hakukosa kazi. Alichokosa ni watu. Alikuwa ametoka kwao wakati wa vita vya Kongo, kwa miguu, na wale aliotoka nao hawakufika. Hakuzungumzia habari hiyo, na watu wa soko hawakumuuliza.

Akina mama wa kanisa letu walikuwa na desturi ya kuwatembelea Wakongo wa sokoni baada ya ibada. Walikwenda kwa kundi, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba. Wafanyabiashara wengine wa Kongo walikuwa Wakristo tayari na waliitikia wimbo kwa sauti nne. Yule fundi, akiona vitambaa vyeupe vinakuja, aligonga bati kwa nguvu zote, na aliendelea kugonga mpaka wimbo ukafa wenyewe. Akina mama wakasema moyo wake ni mgumu, wakahamia kwa wauza samaki wakavu.

Mama hakuhama. Alirudi siku ya kazi, peke yake, bila kitambaa cheupe, amebeba sufuria iliyotoboka. Fundi gani anamfukuza mteja? Alimpa sufuria, akaketi chini, akafungua sahani ya ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta, kwetu simsim, wakala. Wiki iliyofuata sufuria nyingine ilitoboka. Na iliyofuata. Siku moja nikiwa nyumbani nangoja kupangiwa shule niliokota msumari wa inchi nne nyuma ya jiko, na juu ya jiwe palikuwa na alama mbichi za kugongea. Nilimwonyesha mama. Alisema panya wa siku hizi wana meno makali sana, akaniomba nirudishe msumari pale nilipoutoa.

Yule mzee naye hakuwa mjinga.

"Mama," alimwambia siku moja mbele yangu, "sufuria hii natoboka kila wiki. Munapika ndani mawe?"

"Moto ya kwetu iko kali," mama alijibu.

Walicheka wote wawili. Kwa miezi mingi sikumsikia mama akimtajia Mungu isipokuwa mwishoni, sufuria ikishazibwa. Hapo aliweka kiganja juu ya kiraka kikiwa bado na joto, akasema, "Mungu, bariki hii mikono ya muzee." Maneno hayo tu. Na mzee, ambaye alikuwa amezima nyimbo za wanawake ishirini kwa nyundo, aliiweka nyundo chini mpaka amina.

Sasa lazima niseme habari za ndimi zao, kwa maana ndipo yalipo mambo yote. Walizungumza Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mama alikiokota kwenye kambi za polisi, akakichanganya na Kilugbara, lugha yetu, na kama wanawake wengi wa rika lake hakuwa na "sh" kinywani. Shamba lilikuwa samba, shule ilikuwa sule, na kila asubuhi tulimsukuru Mungu. Mzee alikuwa na upungufu wake. Katika lugha aliyonyonya kwao, sijui ni ipi, "z" haikuwapo. Alikuwa fundi wa kusiba sufuria. Akitaka kusema mambo ya zamani alisema mambo ya samani, nami nilikuwa nikiona viti na kabati vikipita mbele ya macho yangu.

Nilicheka sana, tena waziwazi. Nilikuwa nimesomea ualimu Kenya miaka miwili, nikarudi na Kiswahili cha kutunisha kifua. Nilisahihisha kila mtu: baba, kondakta wa basi, mhubiri akiwa mimbarini, na huyo nilimsahihisha kwa kutikisa kichwa tu ili aone. Sijui walinivumiliaje.

Siku ya neno lenyewe nilikuwa nimeketi kwenye kigogo pembeni yao. Mama alikuwa amemwalika kanisani kwa mara ya kwanza, wazi, bila kuzunguka. Mzee aligeuza sufuria mikononi. Kisha akasema:

"Mama, mimi iko peke yangu. Batu yangu nilibaacha kwa barabara. Nikiingia kwa kanisa yenu, siku nitaanguka, mutanisika?"

Mama alikuwa ameinama akifunga sahani kwenye kitambaa. Kanisani kwetu kuanguka maana yake ni kurudi dhambini, na anayeanguka hushikwa mkono na ndugu zake. Alisikia swali la mtu anayeogopa kutetereka katika imani. Uso wake uling'aa.

"Eeh, baba! Tutakusika. Tutakusika na mikono mbili. Sisi yote!"

Lakini mimi nilikuwa namwangalia mzee. Aliposema "mutanisika" alikuwa ameweka kiganja juu ya udongo kando ya gunia lake, akaupigapiga mara mbili. Hakuwa akiuliza habari ya kushikwa. Alikuwa akiuliza kama tutamzika.

Nililisikia wazi, mimi bingwa wa lugha. Na mimi niliyemsahihisha hadi mhubiri, siku hiyo nilinyamaza. Niliona ni kichekesho kizuri, nikakihifadhi ili niwasimulie walimu wenzangu.

Jumapili iliyofuata mzee alikuja kanisani. Aliketi karibu na mlango, amevaa shati lililopigwa pasi, na mikono yake ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka ikakwaruzika. Hakukosa Jumapili hata moja tangu hapo. Aliomba kufundishwa, akafundishwa. Kitu alichopenda kusomewa ni habari ya yule mzee wa kale katika Maandiko, mgeni katika nchi ya watu, aliyesimama mbele ya wenyeji akaomba mahali pa kumlaza mkewe aliyekufa. Alimwomba mama airudie hata mara mbili kwa siku moja. Mama akasema maskini, anamkumbuka mke wake. Alipobatizwa alitoka majini akilia na kucheka kwa pamoja, na mimi niliyekuwa nimekuja kuona nilipigwa na bumbuwazi, kwa maana sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile.

Krismasi alikuja kwetu Aroi. Baada ya kula aliomba kutembea kidogo. Alizunguka boma lote taratibu, mikono nyuma, akitazama chini. Nyuma ya ghala la mtama alisimama, akachimbua udongo kidogo kwa kidole cha mguu.

"Hapa maji natuama?" alimuuliza baba.

Baba, anayependa kusifiwa shamba lake, alivimba. "Hapa? Hapana! Hata mvua kubwa iko napita tu."

"Na mchwa?"

"Mchwa pia hakuna."

"Musuri," alisema mzee. "Musuri sana."

Baba aliniambia jioni kwamba huyu Mkongo anajua udongo. Hapo kichekesho changu kilianza kuwa kichungu. Nilijua mzee alikuwa anatazama nini. Bado sikusema. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi mjini Koboko. Mzee naye alizoea kuja huko siku za soko, akipanda lori la tumbaku na nyundo yake ndani ya mfuko. Alinipitia shuleni, akanipa salamu za nyumbani, akaniita "binti yetu". Watu wa Koboko walimpenda. Kila aliyemuuliza anatoka wapi alimjibu kwamba yeye ni wa Aroi, na mimi nilikuwa nikitazama pembeni.

Siku moja ya soko msimamizi wa msikiti wa pale alikuja hadi mlangoni mwa darasa langu. Alivua viatu, nikamwambia darasa si msikiti, akacheka kidogo kisha akaacha.

"Mwalimu, mzee wenu iko mgonjwa sana, iko kwa zahanati. Sisi nasema, kama Mungu atamchukua, tutamwosha, tutamzika vizuri, mgeni ni wa Mungu. Yeye nasema asante, lakini hapana. Nasema yeye iko na kwao."

Nilimkuta kwenye kitanda cha mwisho, amekonda ghafla, macho makubwa. Mganga alikuwa amenieleza mlangoni kwamba ini limekwisha. Nilitarajia kumkuta na hofu. Wallahi, kama walivyosema jirani zangu wa Koboko, sijaona utulivu kama ule. Alilala kama mtu anayengoja gari aliloahidiwa na anayejua dereva ni mwaminifu.

"Binti yetu," alisema. "Nipeleke kwetu. Mama atanisika."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mzee, ile siku sokoni, mama alivyosema..."

"Mama alisema mikono mbili," akanikatiza, akainua yake yote miwili kutoka chini ya blanketi ili nione.

Ningemwambia nini? Kwamba amemwamini Mungu wetu, amejisugua mikono, amefundishwa, amezamishwa majini, yote juu ya neno ambalo aliyelitoa hakulitoa? Nilitoka nje, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda lori siku ileile.

Mama alikuwa uani anapepeta simsim. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa Kilugbara, na Kilugbara changu siku hiyo kilikuwa kibovu kuliko Kiswahili chake.

"Alisema kuzika?" aliuliza.

"Kuzika."

"Nami nikasema kushika."

"Ndiyo, mama."

"Kwa mikono miwili," alisema. Akauweka ungo chini. "Na wewe ulijua tangu siku ile."

Nilitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu wa kelele, mama yangu, mwenye ulimi wa pilipili, na nilikuwa nimejitayarishia matusi njia nzima. Hakupaza sauti.

"Ulimwacha mtu avuke juu ya daraja ambalo wewe peke yako uliliona limekatika," alisema. "Ukakaa ukingoni unacheka."

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilimwambia labda tunaweza kumweleza taratibu, kwamba kanisa linaweza kumtafutia mahali pengine. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Neno limetoka kinywani mwangu," alisema. "Mimi nilikuwa sijui ninachosema. Aliyenipa kulisema alijua." Akajifunga kanga vizuri, akaenda kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wa ardhi ya ukoo. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Kwetu mtu huzikwa bomani kwao, na kaburi ni shahidi wa ardhi kuliko mti wa mpakani. Ukimzika mgeni ndani ya boma umempa udongo, na kesho atatokea mtu aseme pale amelala baba yangu. Alimsikiliza mama hadi mwisho. Baba alikuwa ameketi kando, ameinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa amekumbuka habari ya mchwa.

"Tutamchangia sanda," alisema baba mkubwa. "Tutamchangia jeneza. Nitakwenda mwenyewe Koboko kumzika kule. Lakini kaburi halihami, mke wa ndugu yangu. Hapa, hapana."

Mama alikuwa amepiga magoti tangu alipoingia, kama ilivyo heshima. Alisema bila kuinua macho:

"Mimi nilizaliwa Logiri, si hapa. Nilipokuja hapa nilikuwa mgeni. Nikifa, mna mahali pa kunilaza?"

"Hilo linaulizwa? Nyuma ya ghala, kando ya patakapolala mumeo."

"Basi si mahali papya. Ni pangu. Mlazeni yeye hapo."

Baba aliinua kichwa akamtazama mkewe, na nilichokiona usoni mwake sina jina lake, si kwa Kiswahili wala kwa Kilugbara. Baba mkubwa aliomba maji ya kunywa. Alikunywa kibuyu chote polepole, akakirudisha.

"Shimo lake nitalianza mimi," alisema.

Tulimleta mzee kwa lori la tumbaku, amelala juu ya magunia. Aliishi kwetu siku nane. Mama alikataza mtu yeyote kumwambia mahali pale pametoka wapi, alimwambia tu, "Muzee, pahali iko." Siku ya tano aliomba nyundo. Aliketishwa ukutani, akatazama ile sufuria ya ugali, akakaza msumari mmoja uliolegea, akasema moto wa kwetu kweli ni mkali. Nadhani alijua habari ya panya tangu zamani.

Siku ya mazishi nilidhani tutakuwa sisi na akina mama wachache. Wakongo wa soko la Arua walikuja wote. Walifunga meza zao, wakatembea hadi Aroi na ngoma, wakaimba kwa Kibangala, lugha yao ya sokoni, kwa sauti nne, na akina mama wa vitambaa vyeupe wakaitikia Kilugbara, tuni ileile. Msimamizi wa msikiti alitoka Koboko akasimama na viatu mkononi. Baba mkubwa alipiga jembe la kwanza, kama alivyosema. Mimi nilisimama hapo na Kiswahili changu chote, nikafikiri: Mungu amejenga hiki kitu chote kwa herufi mbili zilizopotea. Niliingiwa na hofu, ile hofu nzuri, ya mtu aliyesogea karibu mno na jambo kubwa.

Jioni nilimuuliza mama, "Na wewe sasa utalala wapi?"

Alicheka. "Mungu hajawahi kunilaza nje," alisema.

Mwaka 1979, vita vilipopanda kuja kwetu na askari wa serikali iliyoangushwa wakawa wanakimbilia mpakani wakipora njiani, sisi nasi tulikimbia. Baba mkubwa alikataa kuondoka. Baba, mama na mimi tulivuka kuingia Kongo, sufuria ya ugali kichwani mwangu, tukapita vijiji vya Walugbara wa upande ule vilivyokuwa vimejaa wakimbizi, tukaendelea hadi kwa watu ambao lugha yetu haikuwafikia. Siku ya nne ya safari mama alianza kuharisha. Mwenye boma mmoja alitupa kibanda cha mbuzi zake, akawafungia mbuzi nje. Hakutujua. Hakutuuliza hata dini.

Mama alifariki asubuhi, baba amemshika mkono mmoja nami mwingine.

Nilikwenda kwa mwenye boma. Alikuwa mzee, amesimama mlangoni kwake, na alikwisha kusikia kilio. Nilitaka kusema vizuri, kwa adabu. Nilitaka kumweleza kwamba tunajua kaburi halihami, kwamba hatudai udongo wa mtu. Nilisema tu, kwa Kiswahili, "Baba, mama yetu... mtatuzikia?"

Alinitazama. Aliinama, akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta.

"Tutamusika," alisema.

Sikumuuliza ni neno lipi.